Keriko: Shule Iliyowajua Watoto Wake

Matokeo ya mitihani ya kitaifa yanapotangazwa nchini Kenya, kamera hukimbilia shule zilezile kila mwaka. Wazazi hucheza, mwalimu mkuu hubebwa juu juu, na kesho yake magazeti huchapisha picha. Shule ya Upili ya Keriko, ya kutwa na ya mchanganyiko, iliyo katika kijiji cha Pwani, Njoro, Kaunti ya Nakuru, haikuwa na siku kama hiyo. Dunia iliisikia kwa njia nyingine. Tarehe 24 Machi 2019, mjini Dubai, mwalimu wake wa hisabati na fizikia, Bruda Peter Tabichi wa shirika la Wafransisko, alitangazwa mshindi wa tuzo ya mwalimu bora duniani inayotolewa na Wakfu wa Varkey, tuzo ya dola milioni moja. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata.

Tangu siku hiyo habari za Keriko zimeandikwa kama habari za mtu mmoja. Mtu huyo anastahili sifa zake zote, lakini shule ni kubwa kuliko mwalimu mmoja. Kumbukumbu hii inaangalia waliokaa kwenye madawati yake: walitoka wapi, walifikaje pale, walipata alama gani, na kwa nini alama hizo haziwezi kusomwa bila kuwajua wenyewe.

Kwanza, njia ya kufika Keriko. Tangu 1985 hadi 2023 kila mtoto wa Kenya aliyemaliza darasa la nane alifanya mtihani wa KCPE. Mwanzoni alama zilikuwa 700 kwa jumla, na kuanzia 2001 zikawa 500. Baada ya matokeo wizara ilipanga wanafunzi kwa ngazi. Wa juu kabisa walikwenda shule za kitaifa kama Alliance na Mang'u, waliofuata shule za nje ya kaunti, kisha za kaunti, na waliosalia wakapangiwa shule za kaunti ndogo, ambazo nyingi ni za kutwa. Mtoto mwenye alama nzuri aliweza pia kuishia katika shule hizo kwa sababu barua ya kumwita shule ya bweni ilikuja na orodha ya mahitaji: godoro, sanduku, sare, karo. Nyumba nyingi za Njoro zilisoma orodha hiyo, zikaikunja, na mtoto akaelekezwa shule ya kutwa iliyo karibu.

Kwa hiyo shule ya kutwa haikuchagua. Ilipokea aliyepata alama 180 na aliyepata 330 ambaye baba yake alikuwa amefariki, nao walikaa benchi moja. Miaka minne baadaye wote walifanya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, na wastani wa shule yao uliwekwa kwenye jedwali moja na wa shule iliyochagua wanafunzi wake kutoka kaunti zote 47. Jedwali halidanganyi katika hesabu, lakini linaficha mahali kila shule ilipoanzia, na kwangu mimi hapo ndipo historia ya Keriko inapopaswa kuanza.

Kuna pia historia ya ardhi. Njoro ni mahali penye elimu ya muda mrefu, ila elimu hiyo haikuwa ya kila mtu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lord Delamere alijitwalia maelfu ya ekari hapa, akajaribu kondoo, ng'ombe na ngano. Mwaka 1927 Njoro ilipata kituo cha utafiti wa ngano, na mwaka 1939 Lord Maurice Egerton akaanzisha shule ya kilimo kwa ajili ya vijana wa Kizungu waliotaka kulima. Waafrika waliofanya kazi katika mashamba hayo waliitwa maskwota. Watoto wao, waliobahatika kusoma, walisomea katika vishule vya mashambani ambavyo wazazi walivijenga kwa nguvu zao au kwa msaada wa misheni. Shule huru za Wakikuyu zilifungwa hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952. Hadi uhuru kulikuwa na mifumo mitatu ya elimu katika mji mmoja wa Nakuru: wa Wazungu, wa Wahindi na wa Waafrika. Tume ya Ominde ya 1964 ndiyo iliyopendekeza mfumo mmoja wa taifa.

Baada ya uhuru mashamba ya walowezi yaligawanywa. Mengine yaligeuzwa skimu za makazi, mengine yalinunuliwa na vyama vya ushirika na makampuni ya ununuzi wa ardhi kama Ngwataniro. Watu walikuja kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, kutoka Kericho na Baringo, kutoka Kisii na Magharibi. Waogiek walikuwa katika msitu wa Mau kabla ya wote hao. Katika ugawaji wa shamba ilikuwa kawaida kutenga kipande cha shule, na wazazi wakachanga mbao na mabati kwa harambee. Ndivyo darasa la shule ya umma ya Njoro lilivyopata sura yake: majina ya Kikuyu, Kikalenjin, Kikisii, Kiluhya na Kijaluo katika rejista moja, na watoto ambao wazazi wao walizungumza lugha tofauti nyumbani na Kiswahili dukani.

Mchanganyiko huo umewahi kugharimu damu. Mwaka 1992 mapigano ya kikabila yaliwafukuza watu Molo na Olenguruone. Januari 1998, baada ya uchaguzi, yalifika Njoro yenyewe, na Tume ya Akiwumi ikasikiliza ushahidi wake. Kisha vikaja vita vya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini kote na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukawa kambi ya wakimbizi wa ndani.

Ukipiga hesabu ya miaka, utaelewa kwa nini jambo hili ni la msingi kwa matokeo ya Keriko. Mwanafunzi aliyefanya KCSE mwaka 2017 bila kurudia darasa alianza darasa la kwanza mwaka 2006. Januari 2008, shule zilipokuwa zikichomwa na barabara kufungwa, alikuwa anapaswa kuingia darasa la tatu. Mwenzake wa KCSE ya 2018 alikuwa anaingia darasa la pili. Huo ndio umri ambao mtoto hujifunza kusoma kwa ufasaha na kukariri jedwali la kuzidisha. Wengi wa rika hilo katika eneo la Njoro, Molo na Kuresoi walipoteza muhula mzima au zaidi. Wengine walibadilisha shule mara mbili tatu, na wengine walisomea hemani. Miaka tisa au kumi baadaye mtahini alipofungua karatasi yao ya hisabati hakuona lolote kati ya hayo.

Hali ya wanafunzi wa Keriko ilielezwa kwa takwimu wakati wa tuzo, na inafaa kuzikumbuka pamoja. Asilimia 95 walitoka katika familia maskini. Karibu theluthi moja walikuwa yatima au walilelewa na mzazi mmoja. Wengi hawakuwa na chakula cha uhakika nyumbani, kwa kuwa eneo hilo hupatwa na ukame mara kwa mara. Baadhi yao walitembea kilomita saba kufika shuleni, kwenye barabara isiyopitika masika. Shule ilikuwa na kompyuta moja ya mezani na intaneti ya kusuasua. Kwa kila mwalimu mmoja kulikuwa na wanafunzi 58. Mimba za utotoni, ndoa za mapema, dawa za kulevya na vifo vya kujiua vilikuwa vimeigusa jamii hiyo.

Hebu tuitazame namba ya 58. Kipindi cha shule ya upili ni dakika 40. Mwalimu akitaka kumfikia kila mwanafunzi kwa zamu, hata bila kufundisha lolote jipya, atampa kila mmoja sekunde zisizofika 45. Kwa muda huo hawezi kujua kwamba msichana wa benchi la tatu hakula tangu jana, wala kwamba mvulana wa nyuma alikosa wiki iliyopita kwa sababu alikuwa kibarua cha kuvuna viazi. Kile ambacho darasa halikuwa na nafasi ya kukifanya kilipaswa kufanyika nje ya darasa.

Tabichi alifika Keriko mwaka 2016. Alikuwa mtoto wa mwalimu na mpwa wa walimu, aliyefiwa na mama akiwa na miaka kumi na mmoja. Alisomea ualimu katika Chuo Kikuu cha Egerton, kilichokua kutoka ile shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu ya 1939 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Kabla ya Keriko alifundisha katika shule ya kibinafsi. Yeye na wenzake wanne walianza kuwafundisha wanafunzi waliokuwa nyuma katika hisabati na sayansi, mmoja mmoja, baada ya masomo na wikendi. Mwishoni mwa wiki alikwenda majumbani mwao, akakaa na wazazi au nyanya, akajua kinachomzuia mtoto kusoma kabla ya kumlaumu kwa kutosoma. Asilimia 80 ya mshahara wake aliitoa kwa jamii: sare, vitabu, mahitaji ya watoto ambao wangekatiza masomo. Aliwafundisha pia wanakijiji kupanda mazao yanayostahimili ukame, kwa kuwa mwanafunzi mwenye njaa ni tatizo la shamba kabla ya kuwa tatizo la darasa.

Upungufu wa vifaa ulitafutiwa dawa kwa jasho. Alikwenda saiba mjini, akapakua masomo, picha na video, akazirudisha shuleni zikatumika pasipo intaneti. Kwa njia hiyo vipindi vyake vinne kati ya vitano vilitumia teknolojia, katika shule yenye kompyuta moja. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wageni walilipokea kama ushahidi kwamba fedha si lazima. Mimi nalisoma kinyume. Mwalimu aliyelazimika kulipia saiba kwa mshahara wake alikuwa akiziba pengo ambalo lilikuwa deni la serikali kwa watoto wale.

Kisha kulikuwa na klabu. Klabu ya kukuza vipaji iliwapa wanafunzi mahali pa kujaribu mambo kwa mikono yao, na klabu ya sayansi ikapanuliwa kiasi kwamba asilimia 60 ya miradi yake ilifuzu kwa mashindano ya kitaifa. Klabu ya amani ilikusanya wanafunzi kutoka makabila saba yaliyokuwa shuleni. Walipanda miti pamoja, wakajadiliana, wakacheza katika timu zilizochanganywa. Kwa shule iliyo katika ardhi yenye historia niliyoieleza, naiona klabu hiyo kuwa ndiyo kazi kubwa zaidi iliyofanyika Keriko, ingawa hakuna mtihani unaoipima. Baba wa mwanafunzi mmoja na baba wa mwingine huenda walikuwa pande mbili za barabara iliyofungwa mwaka 2008, na watoto wao sasa walikuwa wanashika mche mmoja.

Idadi ya wanafunzi iliongezeka maradufu katika miaka mitatu hadi kufika 400. Makosa ya nidhamu, yaliyokuwa 30 kwa wiki, yalishuka hadi matatu. Katika kuzisoma namba hizi haki itendeke kwa kila upande. Mwaka 2018 serikali ilianza kushinikiza kila mtoto aliyemaliza darasa la nane aingie kidato cha kwanza, na ikapandisha ruzuku ya shule za kutwa hadi shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka; mpango huo ulipoanza mwaka 2008 ilikuwa 10,265. Shule nyingi za kutwa zilijaa wakati huo. Lakini sera humfikisha mtoto getini tu. Kuwa hapo mwaka unaofuata, akiwa na daftari na nia, ni kazi ya walimu na wazazi, na hapo ndipo Keriko ilipojitofautisha.

Tuje kwenye mtihani. Mwaka 2017 wanafunzi 59 walimaliza kidato cha nne Keriko, na 16 kati yao wakaendelea na masomo ya juu. Mwaka 2018 walioingia vyuo vikuu na vyuo vya kati walikuwa 26. Ukiziweka karibu na picha za shule za kitaifa, namba hizi ni ndogo. Ziweke basi karibu na hali ya nchi. Mwaka 2016, baada ya wizara kubana wizi wa mitihani, waliopata A nchini walishuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Mwaka 2017 waliofikia C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 70,073 kati ya watahiniwa zaidi ya 610,000, na mwaka 2018 wakawa 90,377. Karibu tisa kati ya kila wanafunzi kumi wa 2017 hawakuifikia alama hiyo, wakiwemo wa shule zenye maabara, maktaba na mabweni.

Katika hali hiyo kijana wa Keriko aliyetoka D akafika C- alikuwa amefanya kazi kubwa. Hakuna gazeti lililomtaja. Hata hivyo C- humfungulia mtu kozi ya stashahada, na stashahada humtoa katika vibarua vya shamba la mwingine. Wazazi wa Njoro wanaijua tofauti hiyo vizuri kuliko wanaotengeneza majedwali.

Wasichana wanastahili kutajwa peke yao. Katika sehemu nyingi za vijijini msichana huacha shule kwanza: kwa mimba, kwa ndoa, kwa kukosa sodo, kwa kuitwa kulea wadogo zake. Huko Keriko, katika mwaka uliotangulia tuzo, wasichana waliwashinda wavulana katika mitihani yote minne ya ndani. Mwaka 2018 wanafunzi wa Keriko walipeleka katika maonyesho ya kitaifa ya sayansi na uhandisi kifaa kinachowawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, na shule ikashika nafasi ya kwanza kitaifa kati ya shule za umma. Timu yake ya hisabati ilifuzu kwa mashindano ya kimataifa ya sayansi na uhandisi ya 2019 huko Arizona, Marekani. Kundi jingine lilipata tuzo ya chama cha kemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kwa kuzalisha umeme kutokana na mimea ya eneo lao.

Mimea ile wanaikanyaga kila asubuhi njiani kwenda shuleni. Sayansi ya Keriko ilianzia kwenye vitu hivyo kwa sababu vifaa vya maabara vilikuwa haba, na mawazo ya wanafunzi yakatosha kufika mbali. Mtu asichukue hilo kuwa sababu ya kuacha kununua vifaa. Ni ushahidi wa kiasi cha akili kinachopotea katika shule nyingine za kutwa ambazo hazikumpata mwalimu wa kujitolea hivyo.

Tuzo ya Dubai ilikuwa na washindani wapatao 10,000 kutoka nchi 179. Waliotangulia kuipata walitoka Marekani, Palestina, Kanada na Uingereza. Akiwa jukwaani Tabichi aliwarudishia sifa wanafunzi wake, na aliporudi Nairobi alipokewa kwa shangwe katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Fedha za tuzo alisema zitakwenda kwa shule na jamii.

Mwaka mmoja baadaye, Machi 2020, corona ilifunga shule zote za Kenya. Wanafunzi wa kidato cha nne walirudi Oktoba na wengine wa shule za upili Januari 2021. Kwa shule iliyotegemea mwalimu kumfuata mtoto nyumbani, na ambapo redio au simu yenye bando haikuwa katika kila nyumba, miezi ile ilikuwa mizito kuliko mjini. Hilo nalo litakuwa ndani ya alama za miaka iliyofuata, kama vile 2008 ilivyokuwa ndani ya alama za 2017.

Sasa mfumo wenyewe umebadilika. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Waliofanya mtihani huo wakaingia kidato cha kwanza mwaka 2024, na mwaka 2025 hakukuwa na kidato cha kwanza katika shule yoyote ya upili ya umma, kwa kuwa watoto wa mtaala mpya walikuwa bado katika shule ya sekondari msingi. Januari 2026 wa kwanza wao waliingia Gredi ya 10, kila mmoja akiwa amechagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na michezo. KCSE ya mwisho imepangwa kufanywa 2027.

Waliofika Gredi ya 10 ni watoto waliozaliwa karibu na mwaka 2010. Katika ardhi ya Njoro ni rika lisilo na kumbukumbu zake lenyewe za Januari 2008, ingawa wazazi wao wanazo. Wanaochagua mkondo wa sayansi wanahitaji maabara, umeme wa uhakika na mwalimu wa fizikia asiyebebeshwa wanafunzi 58. Shule za kutwa za Nakuru ndizo zinazopokea wengi wao, na katika bajeti ya elimu naona maabara zao zikistahili kutengewa fedha kabla ya lango jipya la shule yoyote ya kitaifa.